Mwizi wa Kondoo Wangu Analala Kwangu

Ha Sepechele, theluji ikiyeyuka

Mdogo wangu Tlali,

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na machifu watatu, na mgodi ulionipa kikohozi umefungwa, mimi bado natafuna nyama. Wewe hujambo? Miguu je? Mimi mzima kabisa.

Habari kubwa ni kwamba nimemshinda polisi. Mtoto mchungaji, Pheello, yatima wa miaka kumi na tano, aliniibia kondoo dume akamla na wenzake malishoni. Mjinga yule alisahau kufukia masikio, na alama yangu ya masikio nani haijui? Polisi akaja na pingu. Lakini siku hizi sheria imebadilika: mtoto hapelekwi gerezani kabla kamati ya kijiji haijakaa, na aliyeibiwa anaulizwa kwanza. Aliyeibiwa nani? Mimi!

Nikasema haendi kokote, atachunga kondoo wangu mpaka wakatwe manyoya. Zikazuka kelele! Jirani Molapo akauliza, "Ntate Sekake, mbweha ndiye umempa zizi?" Nikamwambia afunge mdomo, kondoo si wake. Polisi akasema mtoto akiiba tena lawama yangu. Nikamwambia aandike hivyo, na jina langu asilikosee. Chifu 'Mathuso akakubali. Tukachinja kondoo, mtoto akanawa mikono kwa nyongo yake kuosha kosa, yakaisha.

Kisha theluji ikaanguka ghafla, Pheello yuko mlimani na kondoo. Molapo akaja kunipa pole, eti mtoto keshawauza. Mara nikasikia kengele. Wote wamerudi, na kitoto cha kondoo ndani ya blanketi la Pheello, mwenyewe anatetemeka. Molapo alikuwa bado anakunywa chai yangu. Nikamwambia amalize, atoke akawahesabu.

Watu wanasema nina busara. Nakubali. Ila wewe nikwambie kweli, Tlali. Siku ile nilikwenda kwenye kamati kudai jela. Mtoto akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, kama wewe siku polisi walipokuchukua kwa ajili ya yule farasi uliyemwiba. Ulikuwa rika lake. Ulipotoka jela hukula tena chungu kimoja na sisi, ukaenda migodini Welkom, hukurudi. Nikafungua kinywa kudai jela, nikajisikia nasema haendi kokote.

Sasa njoo nyumbani. Pheello atakupokea barabarani na farasi mpole. Amekwisha uliza unapenda nyama gani.

Ukidhani nimeongeza chumvi, muulize Chifu. Muulize polisi, alikula mbavu mbili. Muulize hata Molapo, na yeye hanipendi.

Kaka yako,
Sekake