Baiskeli Iliyobaki Langoni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na umeketi. Ukiwa umesimama jikoni kama ilivyo kawaida yako, tafadhali vuta kiti kwanza. Mimi ni mzima. Shangazi naye ni mzima, isipokuwa kikohozi, na anakusalimu sana. Ananiita "profesa" mbele ya majirani, kisha ananituma maji.

Kazi nimeianza. Kila asubuhi hupanda baiskeli ya kuazima nikauzunguka mji huu ambao mgodi wake umefungwa, nikitafuta yanayofaa kuhifadhiwa: bafu za wachimbaji, ambamo ndoano za nguo bado zinaning'inia darini, chumba cha taa, safu za nyumba zilizopoteza mapaa. Nimebishana na karibu kila mtu. Mwenyekiti wa kamati ya urithi alitaka kila kitu kipakwe rangi. Nilimwambia historia si ukuta wa saluni. Shangazi anasema uliosomeshwa ni ulimi wangu, mwili ulikwenda kuusindikiza tu.

Langoni pa mgodi kipo kibanda cha baiskeli. Zimesalia chache, zimeshikana kwa kutu. Kikaoni nilitoa hoja kwamba zipelekwe katika ukumbi wa maonyesho, wageni wazione. Bibi mmoja aliyekuwa akifua sare za wachimbaji alipinga, akasema baiskeli zile haziguswi. Nilimjibu kwa maneno mengi, tena ya vitabuni, kwamba chuma ni chuma. Hoja yangu ikapita. Yule bibi aliuliza tu mimi ni mtoto wa nani; sikuona swali hilo linahusianaje na ajenda.

Jioni, akimenya viazi bila kuniangalia, shangazi alinieleza jambo ambalo hukuwahi kunisimulia. Mchimbaji akibaki chini, asitoke tena hai, baiskeli yake haiondolewi mpaka mkewe au mtoto wake aje aikokote hadi nyumbani, bila kuipanda. Isipokokotwa, mtu huyo huhesabiwa yuko zamuni. Nilimuuliza ya baba iko wapi. Akasema nikaangalie matandiko ya viti vya baiskeli zile.

Mama, nilikwenda kibandani, nikalitambua lake. Ulilishona kwa kitambaa kile kile cha pazia ulilohama nalo, lile la majani ya kijani nililolala chini yake utoto wote. Ndipo nikaelewa kwa nini, kila nilipokuuliza habari za baba, ulijibu kwamba yuko kazini.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kuipinga hoja yangu mwenyewe, nikashindwa. Alinirudishia maneno yangu jinsi yalivyo, nami nilikuwa nimeyapanga vizuri mno. Lori la ukumbi lingefika asubuhi iliyofuata. Kama ningekungoja, baiskeli ya baba ingetundikwa ukutani, na chini yake kibao chenye maelezo yangu.

Kwa hiyo nakuungamia: nimeichukua. Sikukuomba ruhusa, nami najua haikuwa yangu kuichukua maadamu wewe u hai. Niliikokota katikati ya barabara. Tairi zimeoza, na gurudumu la nyuma halizunguki, ikabidi nilinyanyue. Watu walitoka milangoni wakasimama. Yule bibi mfuaji alitembea kando yangu, hakunisimanga hata kidogo, afadhali angenisimanga. Tulipofika nyumba yenu ya zamani, ambayo sasa haina mlango, sikujua niseme nini. Mimi, Mama. Shangazi ndiye aliyesema, kama mtu anavyompokea anayetoka kazini: "Karibu, kaka. Umechelewa."

Nimeiegemeza ukutani kwa shangazi. Vumbi sijalifuta, hilo nimekuachia wewe. Ukinikasirikia utakuwa na haki, lakini goti likikuruhusu, njoo. Kengele yake bado inalia, ingawa sijathubutu kuipiga mara ya pili.

Mfikishie dada salamu zangu, na wanawe wote, hata yule mbishi aliyenirithi.

Ni mimi mwanao, safari hii bila hoja.