Lile Kaburi Halina Mtu

Makongeni, Nairobi
12 Agosti 1979

Kwako Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, na lile goti liwe limepunguza ukali. Mimi ni mzima wa mwili na kazi ya reli inaendelea. Moyo ndio haujatulia: nakaa, nasimama, natoka nje, narudi, hata jirani ameuliza kama naumwa tumbo. Mpe dada yangu Aoko salamu. Mwambie kitambaa chake nimekipata Gikomba.

Mama, usinicheke, lakini siku hizi mwanao ni mwigizaji. Mwalimu Gichuru, anayetufundisha maigizo katika ukumbi wa Kaloleni, ametunga mchezo kuhusu wale wanaume wasio na makao, wanaolala kwenye magunia kando ya soko. Mimi nilipewa sehemu ya yule anayekufa kwa baridi. Nilinung'unika, maana kazi ya maiti ni kulala tu, lakini akasema nina uso unaofaa. Hebu fikiria!

Jana tulicheza. Mwalimu alikuwa amewaalika wanaume wenyewe wa sokoni waje watazame, kisha wale ugali na maharagwe. Nikalala jukwaani, gunia kifuani, wenzangu wakanililia kilio cha uongo. Mara nikasikia kilio cha kweli. Mtu alipanda jukwaani, akaniangukia, akaniita Mwizi wa Viazi, jina ulilonipa wewe na lisilojulikana nje ya jiko lako. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Nikafumbua macho, na maiti na mfiwa tukapiga mayowe pamoja. Mwalimu alikuja kunigombeza, akaishia kutushika mikono na kutushusha jukwaani.

Keti kwanza, Mama. Ni Tobias. Kaka yangu yuko hai.

Ule moto wa mabanda ya maseremala, tulioambiwa ulimuua, haukumkuta; alikuwa amelala kwingine, amelewa. Vifaa vya useremala alivyoachiwa na marehemu Baba viliungua vyote, na aibu ikamzuia kurudi. Alipopata ujasiri, akasikia tumeshazika tunda la yago mahali pake, kama desturi yetu ilivyo mwili usipopatikana. Anasema aliyezikwa hapiti tena lango la nyumbani. Akipita, atakuletea kifo. Kumbe miaka yote hii amelala sokoni kwa kuogopa kukuua wewe! Nilikasirika, nikamwita mjinga, kisha tukalia wote wawili.

Sasa amelala kitandani kwangu nami nalinda mlango, maana ameshajaribu kutoroka. Hanisikii mimi, anataka neno lako. Mama, nakusihi, waite wazee. Fukueni lile tunda, na kama kuna kondoo wa kuchinjwa, achinjwe. Wakisema jambo hili halijawahi kutokea, waambie lile kaburi halina mtu. Lakini fanya haraka, sijui nitamzuia mpaka lini.

Nisalimie wote bomani, wakubwa kwa wadogo, na Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao,
Otiende

Nimembembeleza naye aandike. Mwandiko utaujua:

Tobias, mwanao, kama bado ni wako.