Jina na Kidonge

Jumanne, 2 Juni 1998

Vipindi vitano leo. Kidato cha Tatu bado wanaandika kwamba damu ndiyo inayopeleka habari kwenye ubongo. Nimesahihisha mpaka macho yakauma. Mvua ikaanza saa tisa kama kawaida yake, nami nikafika nyumbani nimelowa chapachapa.

Binti yangu Linet alikuwa na joto tangu mchana. Mama, ambaye anakaa nasi tangu mwaka jana ili amwangalie nikiwa shuleni, alikuwa amemketisha jikoni wapukuchue mahindi. Nilikuwa navua viatu niliposikia sinia ikianguka. Nikakimbia. Mtoto ameanguka ubavu, macho yamepanda juu, mkono wa kulia unapiga sakafu. Povu.

Nikamlaza vizuri, nikamshika kichwa. Mama hakumgusa. Alisimama mlangoni akaanza kuita majina ya wafu wetu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kula. Hivyo ndivyo watoto wachanga wanavyotafutiwa jina kwetu. Mtoto analia, unataja waliokufa, na akinyamaza kwa jina fulani, basi ndilo lake. Linet hakufanyiwa hivyo. Nilimpa jina la kanisani nikaona yameisha. Mama amenisubiri miaka saba.

Alipotaja Muhonja, mkono ukatulia.

Muhonja ni dada yangu. Alikufa kitambo.

Naandika haya kwa hasira. Degedege huisha lenyewe baada ya dakika chache. Mama angetaja sufuria, lingeisha vilevile.

Alhamisi, 4 Juni

Nimeomba ruhusa shuleni, nimempeleka Linet hospitalini. Daktari ni mgeni, mwanamke, anaongea polepole na hakutazami kama mjinga. Nimempenda bila kutaka.

Akaniuliza ninafundisha nini. Nikamwambia baiolojia. Basi, akasema, unaijua nusu ya habari. Kila seli ya ubongo ina milango midogo sana ya kupitisha chumvi. Mlango unafunguka kidogo, chumvi inaingia, ujumbe unapita, mlango unajifunga. Kuna watu ambao mlango huo umeumbwa vibaya, haufungi sawasawa. Homa ikipanda, ndiyo kabisa. Seli moja inapiga kelele, jirani zake wanaitikia, na zile seli ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao zinashindwa. Huko nje wataalamu wameanza kuona kwamba kasoro hiyo hutembea katika ukoo.

Akauliza kuhusu ukoo. Nikamtajia dada yangu.

Na wewe?

Utotoni nilishikwa na degedege kila nilipopata malaria. Nikamwambia nani hakushikwa. Hakucheka. Akasema huenda mimi ilinigusa kidogo, dada ikamshika sana, mtoto hatujui bado.

Kwa hiyo imepitia kwangu. Nimerudi nyumbani na hilo.

Dawa anayomeza Linet tangu mwaka jana ameiongeza. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Akanionya tusiache ghafla hata iweje, kwa sababu ubongo umeshaizoea, na ukinyimwa mara moja, degedege litakuja ambalo halijui kuisha. Nimemweleza Mama maneno hayo yote kwa Kiluhya. Aliitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 5 Juni

Leo somo lilikuwa neva. Nilichora utando wa seli ubaoni, nikachora mlango. Nimeuchora mlango huo kila mwaka tangu nianze kazi. Leo nilisimama na chaki nikashindwa kuendelea. Wanafunzi walidhani naumwa.

Muhonja alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi tisa. Alikuwa anageuza mboga, akaangukia mafigani, motoni. Jikoni kulikuwa na wanawake waliokuja kusaidia kazi ya matanga kwa jirani. Waliamini povu linaambukiza, anayemgusa aliyeanguka atachukua ugonjwa na kuupeleka kwake. Mama alitaka kwenda. Walimshika. Aliwapiga mateke, wakamshika zaidi. Mimi nilikuwa mlangoni.

Tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyeitwa Muhonja. Aliyekufa kwa ugonjwa ule jina lake halirithishwi, lisije likarudi nalo. Mama peke yake ndiye anayesema kinyume. Anasema Muhonja ameachwa nje kama mbwa, ndiyo maana anabisha hodi.

Mimi sina imani na mambo hayo. Lakini ukweli wa daktari ni mbaya kuliko wa Mama. Dada yangu yumo ndani ya mtoto wangu. Mlango uleule, umbo lilelile. Nimemzaa mara ya pili. Naogopa kumtazama Linet akikaa karibu na jiko.

Jumapili, 7 Juni

Tumegombana na Mama baada ya kanisa. Anataka ampeleke Linet nyumbani Malinya, wachinje kuku, wampe jina.

Alisema: "Huyo hatafutangi kitu kingine. Anataka aitwe tu. Wewe umesoma, lakini si ulisikia mwenyewe? Nilimtaja, akanyamaza."

Nikamwambia alichosikia ni degedege likifika mwisho wake. Akaniuliza mbona halikufika mwisho alipomtaja babu. Jibu ninalo. Nilipoanza kulisema lilikuwa refu na halikumgusa hata kidogo.

Baba Linet, ambaye yuko Mumias na miwa yake, amesema kuku mmoja hajawahi kuua mtu. Nimechoka. Nimekubali kwa sharti: jina apewe, dawa iendelee.

Alhamisi, 11 Juni

Nusu muhula. Wameondoka asubuhi, Linet na gauni la njano, Mama na kikapu. Mkebe wa vidonge nimeuweka mkononi mwa Mama mwenyewe. Nimerudia maagizo mpaka akakasirika.

Mimi nimebaki na mitihani ya kusahihisha. Nyumba imenyamaza vibaya. Mara mbili nimesikia sinia ikianguka jikoni. Nimekwenda kuangalia. Hakuna kitu.

Jumapili, 14 Juni

Wamemleta na pikapu ya jirani. Degedege halijakoma tangu kule.

Mungu wangu.

Jumatatu, 15 Juni

Yu hai. Amelala, haamki. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi kwa sababu nisipoandika nitapiga mtu.

Jana alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Muuguzi alitafuta mshipa, ukakimbia, akatafuta mwingine. Sindano ya kwanza haikufanya kitu. Daktari akaagiza ya pili. Mtoto anapiga, anapiga. Nilimshika mguu, nikasikia mtu anataja majina. Babu. Shangazi. Kaka yake Baba. Ilikuwa sauti yangu. Mimi, mwalimu wa baiolojia, mbele ya wauguzi.

Nikasema Muhonja. Akatulia.

Sindano ya pili ilikuwa bado mkononi mwa muuguzi, tupu. Najua ni dawa. Nimeandika hapa ili nikisoma nijue kwamba nilijua.

Nilimfuata Mama kwenye veranda nikamwomba mkebe. Vidonge vyote vilikuwamo, kwenye karatasi yake, vilevile nilivyovifunga. Hakunificha.

"Tulimpa jina Alhamisi. Sasa mtu ukishampa jina, na bado unampatianga dawa, si ni kama unamwambia yule hauna imani na yeye? Nikasema nisimkasirishe. Apumzike."

Kwa hiyo ni heshima iliyofanya hivi. Nilitaka kumzaba kofi mama yangu mzazi. Nimeandika, ni kweli, nilitaka. Kisha nikaona kifua cha gauni lake. Kilikuwa kimekaukiwa na povu, chote. Watu wa pikapu wanasema alimpakata njia nzima, walimwambia amlaze nyuma akakataa, akamwegemeza uso shingoni mwake.

Nikarudi wodini.

Jumatano, 17 Juni

Ameamka. Amenijua. Nimelia kwa sauti, wakanitoa nje.

Lakini maneno yamepungua. Kikombe anakionyesha kwa kidole. Anasema ile. Uji ni ile, mimi pia ni ile. Mkono wa kulia unaangusha vitu.

Daktari hakunidanganya. Seli zikipiga kelele muda mrefu hivyo, nyingine hufa, na njia zilizopitia humo hukatika. Ubongo wa mtoto huweza kutafuta njia nyingine. Labda. Nikamwuliza lini. Akasema hajui, na nikamshukuru kwa kutojua.

Mama anakuja kila siku na chakula, obusuma, ugali wetu, na mboga, hakai. Linet akimwona anatabasamu. Hilo pia linaniuma, sijui kwa nini.

Jumapili, 21 Juni

Tumeruhusiwa kwenda nyumbani. Nimehamisha jiko nje. Nimemwambia Mama sitaki jina lile litajwe ndani ya nyumba hii. Alikubali haraka mno. Amezeeka.

Yeye halitaji. Ninayelisikia ni mimi, shuleni, nikifuta ubao, nikipita karibu na jiko la shule watoto wanapopanga foleni. Nilitaja, akatulia. Nimefundisha miaka kumi kwamba vitu viwili vikifuatana haina maana kimoja kimeleta kingine. Naweza kuifundisha tena kesho. Jambo moja tu linaniogopesha. Degedege likija tena, sitathubutu kutolitaja jina.

Jumapili, 28 Juni

Hatukwenda kanisani. Asubuhi baridi, jua lilichelewa. Mama alikuwa uani akichambua mboga. Nilimkalisha Linet kitandani, nikaponda kidonge kwenye kijiko, nikakoroga na uji kidogo. Kabla ya kumpa nikataja jina, taratibu, kwa midomo tu. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu turudi. Dawa mkononi, jina mdomoni. Hakuna anayejua.

Linet alinitazama.

"Mama, unaita nani?"

Sentensi nzima. Ya kwanza tangu hospitalini. Nilifurahi, nikakaa kitandani kando yake. Yeye akaendelea kunitazama, anasubiri.

Nikamwambia ameze.