Ng'ombe Arobaini wa Pepa

Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 1983

Kwa Mujomba Siméon mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote walio nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Na kikohozi cha mkeo Mama Thérèse? Mimi ni mzima, nimezidi hata kuwa mzima, na ukiona maandishi yangu yanapanda na kushuka usifikiri mkono unaniuma. Ni furaha tu.

Mujomba, wamefungua D.E.S.! Ni yale masomo ya juu kabisa, ya miaka miwili, baada ya diploma yangu ya uganga wa mifugo. Wanachukua watu wawili tu, na mwaka kesho labda hawatafungua. Masharti yamebandikwa ukutani kwenye fakulte, na jana tulisukumana pale kama watu wa foleni ya sukari. Diploma yenye distinction, ninayo. Cheti cha kuzaliwa, hicho nakuomba unitolee kwenye biro ya zone. Halafu kila anayeomba awe na promoteur, yaani mtu wa kusimama naye mpaka mwisho. Hapo ndipo wengi wanakwama, maana hakuna anayelazimishwa kumkubali mwingine.

Sasa sikiliza. Nilikwenda kwa Augustin. Sijamaliza hata kusema nilichojia, akanikata: "Séraphine, miye nakuchukua weye, hakuna mwingine." Amekubali kunichukua, Mujomba! Nilitoka nje nikaruka mbele ya watu, mimi, na miaka yangu ishirini na saba.

Limebaki neno moja zito. Lazima wapatikane ng'ombe arobaini, na Augustin anasema wawe wa ranchi ya Pepa, si wa kwingine. Neno la ng'ombe liwe limekwisha kabla ya tarehe 30 Septemba. Bila ng'ombe hao hakuna kitu.

Mbusu Mama Célestine. Mwambie mtoto wake halali kwa furaha.

Ni mimi mwipwa wako,
Séraphine


Kalemie, tarehe 20 Agosti 1983

Kwa mwipwa wangu Séraphine,

Mutoto wangu, pokea salamu za ukoo mzima. Mgongo umepona siku ile ile barua yako ilipofika. Kikohozi cha Thérèse bado kipo lakini sasa anakohoa huku anacheka.

Cheti chako cha kuzaliwa kimo humu ndani. Mambo ya masomo nimeyasoma, ni mazuri, hongera. Lakini mimi si mtoto, Séraphine. Kwetu msichana haji mbele ya mjomba wake kumtaja mwanaume waziwazi. Anaanza na habari za shule, anamaliza na salamu kwa mama, na jambo lenyewe analificha katikati kama samaki ndani ya ugali. Umefundishwa vizuri. Nilifika katikati nikasimama, nikaita watu.

Ng'ombe arobaini! Mama yako alitoka kwetu kwa majembe na mbuzi, tena mbuzi mmoja alikuwa anachechemea. Hapa ziwani nani amewahi kupokea hata ng'ombe mmoja? Thérèse anauliza tutawaweka wapi. Anasema wataingia kwenye muhogo wa jirani na tutashtakiwa kabla ya harusi. Nimemwambia anyamaze, hayo ni matatizo ya matajiri na sisi tutayazoea.

Sijui promoteur ni kazi gani, lakini mwanaume anayesema "hakuna mwingine" na kuweka ng'ombe arobaini kabla hatujamwomba hata kuku, huyo amelelewa. Mama yako analia tangu jana. Miaka yote hii watu wamekuwa wanamuuliza sokoni, "Séraphine atamaliza lini shule?" na yeye alikuwa anajua wanachouliza.

Ila mimi ni mfanyabiashara. Hata ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nainusa kabla ya kununua. Kesho napanda boti ya Moba, halafu nitatafuta kamio ya mizigo ya kunipandisha mulimani Pepa, nikawaone hao ng'ombe kwa macho yangu.

Wako anayekupenda,
Mujomba


Lubumbashi, tarehe 5 Septemba 1983

Mujomba wangu,

Kabla ya salamu, tafadhali kaa chini. Mama Thérèse naye akae.

Je, mko salama? Sasa nisikilize, na unisamehe kwanza. Hakuna harusi. Augustin ni professa wetu wa magonjwa ya ng'ombe. Ana miaka sitini na moja, ana wajukuu, na mke wake Mama Louise hutupikia sombe tukichelewa kwenye laboratwari. Wanafunzi wote tunamwita Augustin mlango ukifungwa, kwa kuwa serikali imekataza majina ya ubatizo kwenye biro, na mimi kwa furaha nikaliandika hivyo hivyo. Promoteur ni mwalimu wa kukusimamia. "Kuchukua" huku campus ni kumkubali mwanafunzi, basi. Nimeisoma tena nakala ya barua yangu moyoni na kila neno linaonekana la harusi! Nimecheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake nilipofika pale ulipoandika habari za Mama sokoni.

Na ng'ombe si mahari. Nataka kuwapima damu, nijue kwa nini ndama wa huko juu wanakufa na homa ya kupe. Sharti ni karatasi ya ranchi kwamba wanakubali kunitengea ng'ombe arobaini. Nimewaandikia mara mbili, kimya. Bila karatasi hiyo dosiye yangu ya maombi itarudishwa hata haijafunguliwa.

Usiende Pepa. Na kama umekwenda, Mungu wangu, umewaambia nini?

Mwipwa wako mwenye aibu,
Séraphine


Kalemie, tarehe 8 Septemba 1983

Kwa bibi harusi wetu,

Salamu! Hatujapata barua nyingine kutoka kwako, naamini u mzima na una shughuli nyingi. Mimi nimerudi jana kutoka Pepa, midomo imepasuka kwa baridi. Mutoto, kule juu watu wanavaa makoti saa sita mchana! Nimelala chini ya blanketi mbili na bado meno yalikuwa yanaimba.

Lakini ng'ombe nimewaona. Ni wanene, wana macho mazuri, wananitazama kama wakwe. Nimepokelewa na mkubwa wa wachungaji, Papa Apollinaire. Nikaona maneno yasiwe mengi, nikampa barua yako asome mwenyewe. Séraphine, yule mzee aliruka kwenye kiti! "Njo huyu wa zile barua, tulikuwa tunamungoja! Ndama wanakwisha, Papa Siméon. Mutoto akuye mbio, hata kesho!" Sijaona bado mtu anayefurahi hivyo kupoteza ng'ombe arobaini.

Akaniuliza kama utakuja mwenyewe kuwatoa damu. Nikashtuka kidogo. Nikamjibu kwa heshima kwamba kwetu hatuna desturi ya damu kwenye harusi, lakini kama ndiyo desturi ya upande wa bwana, tutaongea. Akacheka sana akanipiga begani. Watu wa mulimani ni wachangamfu.

Halafu akaketi na mkubwa wa ranchi wakaandika karatasi kwa Kifaransa kirefu, wakapiga mhuri, wakatia sahihi wote wawili. Mimi nimeokota "quarante", ndiyo arobaini, nimeokota Pepa, na jina lako. Yatosha. Karatasi nimeifungia ndani ya Biblia. Karatasi ya ng'ombe haitumwi kwa posta. Nitaitia mkononi mwa Augustin mwenyewe siku atakapokuja na wazee wake kutusalimu.

Mama yako amenunua kitenge cha bata na maua. Kwaya ya parokia imeanza mazoezi, na Clémentine ameomba kuimba peke yake, Mungu atusaidie.

Mujomba wako, sasa mjomba mwenye ng'ombe


Lubumbashi, tarehe 15 Septemba 1983

Mujomba, Mujomba, Mujomba!

Salamu za haraka, afya njema kwa wote. Nimepiga kelele mpaka jirani amekuja na jiwe, akidhani kuna nyoka.

Karatasi hiyo ndiyo! Hiyo hiyo! Nimewaandikia wa Pepa mara mbili kwa Kifaransa cha adabu sijapata hata mstari, na wewe umepanda mlima na maneno ya harusi ukaleta mihuri na sahihi mbili! Apollinaire alielewa barua yangu kuliko nilivyoiandika. Nakuomba, itoe ndani ya Biblia. Itume na mtu, itume na treni, iwe hapa kabla ya tarehe 30.

Najua barua yangu ya tarehe 5 sasa imekufikia, na ninajua imekuumiza. Umewaambia watu wote. Kitenge kimenunuliwa. Ulitamani kuniona natoka nyumbani kwako na nyimbo, na mimi nakuletea kupe. Nisamehe. Lakini nakuambia wazi, Mujomba, sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyotaka kazi hii. Ukinikasirikia, nikasirikie baada ya tarehe 30.

Nangoja.
Mwipwa wako


Lubumbashi, tarehe 22 Septemba 1983

Mujomba, shikamoo.

Treni imekuja, haina kitu chetu. Sijui kama mgongo umekurudia au ni moyo. Augustin ameniuliza habari za karatasi, nimemwambia iko njiani. Usinifanye mwongo.

Séraphine


Kalemie, tarehe 23 Septemba 1983

Kwa Séraphine,

Habari ya huko. Huku hatujambo.

Barua zako mbili zilifika. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anaandika maneno yasiyofutika. Jumapili nilipita njia ya nyuma nisikutane na kwaya. Mama yako amekikunja kitenge amekiweka chini ya sanduku.

Jana usiku Thérèse akaniomba nimsomee ile barua yenye Mujomba tatu mwanzoni. Nikasoma. Akaniambia, "Siméon, weye ulipanda Pepa na ile baridi yote juu ya bwana hatuyamuona hata picha. Leo ni juu ya mutoto wetu mwenyewe, karatasi moja inakushinda?" Asubuhi nikafungua Biblia nikaitoa.

Karatasi anayo Florent, yule anayekata tiketi kwenye treni. Nimemwambia kama ataiacha stesheni ya Kabalo kwenye pombe, asirudi Kalemie. Ataitia mkononi mwako.

Lakini nina swali, na ulipeleke kwa huyo mzee wako. Umeniandikia masharti yote, diploma, cheti, promoteur, ng'ombe. Mahali pa mjomba sijapaona. Kwetu hakuna anayemchukua mtoto bila kuuliza. Hao wakubwa wa campus wanamchukua Séraphine miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi kwangu?

Mujomba


Lubumbashi, tarehe 30 Septemba 1983

Mujomba wangu wa dhahabu,

Mbarikiwe nyote! Florent amefika leo asubuhi, nguo zake nyeusi kwa moshi, karatasi ndani ya kofia. Tumekimbia wote wawili mpaka fakulte, yeye na viatu vya kazi, mimi bila kimoja. Katibu alikuwa tayari ameshika ufunguo. Dosiye imepokelewa!

Jioni nilimsimulia Augustin yote, tangu "kuchukua" mpaka damu ya harusi. Alicheka akavua miwani, akamwita Mama Louise aje asikie, akacheka tena. Halafu nikamsomea swali lako. Hapo akavaa tena miwani. Akaniambia, "Mujomba ana haki. Tumekosa adabu." Akachukua kalamu, akaandika yeye mwenyewe, kwa Kiswahili. Nimeiona tu kwa nje, bahasha imo humu ndani. Ni yako.

Komisyo ya kuchagua hao wawili itakaa katikati ya Oktoba. Tuombeane.

Mwipwa wako, Séraphine


TELEGRAMU
LUBUMBASHI 14 OKTOBA 1983
SIMÉON KALEMIE
NIMECHUKULIWA. NAKUJA PEPA DESEMBA. MWIPWA


Kalemie, tarehe 16 Oktoba 1983

Kwa mwipwa wangu, mganga wa ng'ombe,

Salamu zote, zile ulizonazo na zile nilizokunyima mwezi uliopita. Tu wazima. Mgongo unauma, lakini unauma kwa sababu nimecheza ngoma.

Kosa ni la Cyprien wa posta. Hakunipa telegramu kwa utulivu kama kazi yake inavyotaka. Aliisoma kwa sauti nje ya kaunta: "Nimechukuliwa!" Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele papo hapo. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, mama yako amekwisha kutoa kitenge chini ya sanduku na kukivaa. Kwaya ikaja yenyewe. Clémentine ameimba peke yake, na nasema kweli, alikuwa ameiva.

Watu wakaniuliza, "Bwana yake iko na nini?" Nikamtazama mama yako, naye akanitazama, kitenge kikimkaa vizuri sana. Nikawajibu, "Mutoto mwenyewe njo iko na ngombe makumi ine." Wakashangilia zaidi. Sikusema uongo hata neno moja, na sikumsahihisha mtu.

Ukija Desemba leta koti zito, na blanketi tatu si mbili. Nitakupandisha mwenyewe, Apollinaire ni rafiki yangu sasa.

Barua ya mzee wako nimeisoma mbele ya ukoo wote, nimesimama. Anasema: "Mjomba wa Séraphine, nimekuja kupiga hodi nikiwa nimechelewa. Naomba mtoto wenu miaka miwili. Nitamrudisha akiwa mkubwa kuliko nilivyomkuta. Unanipa?"

Mwambie Augustin aingie. Mwambie nimekubali.

Mujomba wako