Idhini ya Mume

Jericho, Nairobi
5 Februari 1984

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe na mama mko wazima. Sisi tu wazima. Njoki ameng'oka meno ya mbele, na Chege anasoma vibao vya maduka kwa sauti, hata vile visivyofaa kusomwa.

Baba, nimeamua kuomba nafasi katika shule ya nusukaputi, kule hospitali ya misheni ya Kirimani. Ni kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi kabla hajapasuliwa, na kumlinda mpaka aamke. Wanachukua wauguzi wanane tu nchi nzima. Masomo ni mwaka mmoja na nusu, na unakaa hukohuko. Hospitalini kwetu mtu wa usingizi ni mmoja. Akiugua, wagonjwa wanarudishwa wodini. Mwezi uliopita tulimrudisha mama mmoja mara mbili. Mara ya tatu hakukuwa na haja.

Metroni ameniandikia barua nzuri, na daktari pia. Nasoma fizikia na kemia kwa ajili ya mtihani. Kinachonikwamisha ni mstari mmoja katika fomu: mwombaji akiwa mke wa mtu, alete idhini ya mume kwa maandishi, kabla ya mwisho wa Mei. Thuo amekataa. Nilimwomba mbele ya jirani yetu Waruguru nikidhani ataona haya. Akacheka. "Waruguru, umesikia? Madam anataka diploma ya kuua watu nusu!"

Waruguru akamjibu, "Afadhali nusu. Wewe na hiyo lori yako ya mkate utaua mtu mzima."

Tulicheka sote, lakini kalamu hakuishika. Wewe anakusikiliza. Njoo useme naye. Na unieleze tena ile kanuni ya gesi, imenitoka.

Mtoto wako,
Ndindi

Mwala
20 Februari 1984

Mwaitu,

Nakuita mwaitu, yaani mama yetu, kama nilivyokuita tangu nilipokupa jina la mama yangu. Leo namwandikia na yeye, maana ukaidi huu ni wake. Tunaendelea vizuri, ila goti la mama yako halipendi baridi.

Tuanze na gesi. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Hewa ni ileile, lakini umeibana mahali padogo, nayo inakusukuma. Ukipunguza nafasi, unaongeza msukumo, ikiwa joto halibadiliki. Mtungi wa oksijeni ni pampu iliyozibwa, basi. Etha, ile dawa ya usingizi, nayo hugeuka mvuke upesi kuliko maji, na ili igeuke inahitaji joto. Italitoa wapi? Kwenye chupa na kwenye mkono wako. Ndiyo sababu chupa hupoa. Wakikuuliza, usikariri; eleza.

Katika insha ya kuombea nafasi usiandike kwamba unapenda kusaidia watu. Kila mmoja ataandika hivyo. Andika juu ya mama yule mliyemrudisha wodini.

Kuhusu idhini, sitakuja. Mtu haingii nyumbani kwa mkwewe kumwamrisha. Thuo si mlevi, hakupigi, na mshahara anauleta. Shule itakuwepo mwaka ujao. Mpikie vizuri, zungumza naye taratibu, uwe na subira.

Baba yako,
Mwalimu Phares Mativo

Jericho
4 Machi 1984

Baba,

Hujambo? Mama hajambo? Sisi hatujambo. Hizo ndizo salamu, sina nyingine.

Kanuni ya gesi nimeielewa. Nafasi ikipunguzwa, msukumo unaongezeka. Nashangaa mtu anaweza kuieleza vizuri hivyo, kisha katika ukurasa uleule anishauri nikae kwenye pampu.

Nimpikie vizuri! Kwani nimekuwa nikimpikia vibaya? Kaka yangu Muindi alipotaka chuo cha ualimu ulimfuata mkuu wa chuo mpaka kanisani. Mke wake hakuulizwa idhini. Nilipokuwa darasa la tano uliniambia kichwa hakina mwanamume wala mwanamke. Kumbe ulikuwa unasema habari za mtihani tu?

Juzi nilimwuliza Thuo tena, kwa upole ule unaoupenda wewe.

"Watoto atawapikia nani?"

"Dada yangu Nthenya yuko tayari kuja."

"Na mimi?"

"Wewe una mikono."

"Mikono yangu ni ya usukani. Kwani mimi nilioa ama nilipanga nyumba?" Kisha akasema neno la kweli, Baba, na sauti ilishuka alipolisema: "Ukirudi na hiyo diploma utanipita. Hapa Jericho nitaitwa bwana ya sista."

Hiyo ndiyo sababu. Si chakula. Kama hutakuja, usiniandikie tena habari za subira. Subira hufundishwa wagonjwa, na nimeona inawafikisha wapi.

Mwanao,
Ndindi

Mwala
15 Machi 1984

Kwa Mke wa Thuo,

Hatujambo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili haikuwa na adabu. Sikukusomesha ili ujifunze kunichapa kwa maneno yangu mwenyewe.

Nitakuja Jumamosi ya Pasaka. Siji kwa sababu ya matusi yako. Nakuja kwa sababu mama yako naye ameisoma, na tangu hapo ananipakulia chakula bila kusema neno. Mwambie mumeo awepo.

Baba yako

Mwala
25 Aprili 1984

Mwaitu,

Natumaini ulitoka zamu salama. Nilisikitika kutokukuta, lakini pengine ilikuwa heri, maana nilipaza sauti.

Thuo alinipokea vizuri. Alinipa soda na chapati. Nikaanza taratibu, nikamweleza kozi hiyo ni nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, heshima yako. Lakini mimi kwenu nilimaliza kila kitu. Huyu ni mke wangu kabisa, na mimi nimesema hapana."

Nikamwuliza, "Kila kitu? Mbuzi wa ntheo ulileta lini?"

Akacheka, Ndindi. "Hizo mbuzi za Kikamba nilionea wapi? Wazee wetu walileta yao, mkakula, mkanyamaza."

Hapo hasira ilinishika. Sijui kama uliwahi kuelezwa vizuri jambo hili. Kwetu mtu anaweza kuleta ng'ombe, blanketi na asali mpaka boma lijae, lakini asipoleta mbuzi wa ntheo hajaoa. Ndio wanaomtoa msichana kwa baba yake. Bila wao bado ni binti wa nyumba yake, hata akiwa na wajukuu. Thuo hakuwaleta kwa kuwa kwao Murang'a hawana desturi hiyo, nasi tulinyamaza kwa kuwa walikuwa wageni wetu, tukasema watauliza siku moja. Kunyamaza kwetu kulikuwa heshima. Yeye anaifanyia mzaha heshima hiyo.

Nikamwambia, "Basi, kijana, hujaoa. Umepanga nyumba."

Nilipofika nyumbani niliwaandikia watu wa Kirimani kwamba wewe ni binti yangu ambaye hajaolewa, na kwamba mimi baba yake natoa idhini. Nimeituma kwa rejista. Sasa tulia, usome kemia yako.

Baba yako

Jericho
12 Mei 1984

Baba,

Mama hajambo? Namwuliza yeye. Wewe najua u mzima, maana una nguvu za kuandika barua kila mahali.

Kirimani waliniita kwa mtihani na mahojiano. Mtihani niliufanya vizuri. Etha ilikuja, na nilieleza. Kisha nikaingizwa kwa mkuu wa shule, Sista Kaha. Akaweka mezani fomu yangu na barua yako. "Hapa umeandika umeolewa. Hapa baba yako ameandika hujaolewa. Mwongo ni nani?"

Fikiria, Baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa mapigo ya moyo, kwa dozi, kwa njia ya hewa. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa kama nina mume. Nilimweleza yote, mpaka mbuzi.

Akafikiri, akasema, "Kanuni ni ya bodi. Mke huleta barua ya mume. Asiye mke hutia sahihi yake mwenyewe. Idhini ya baba hatukuiomba." Kama hali ni hii mpaka siku ya mwisho wa mwezi, atanipokea kama asiyeolewa na nitatia sahihi mwenyewe. Ndoa ikikamilika kabla ya hapo, mimi ni mke, na bila Thuo hakuna nafasi.

Nilipomwambia Thuo, alivaa koti akaenda kwa wajomba zake. Waruguru anasema wanatafuta mbuzi. Aliniambia mlangoni, "Nitaleta hizo mbuzi, halafu tuone nani atasaini."

Usidhani nakushukuru. Miaka yote hii nimeitwa mke wa mtu, nikavuliwa ndoa na wanaume wawili wakinywa soda sebuleni kwangu, mimi niko zamu. Hakuna aliyenitumia salamu kuniuliza. Mmoja anataka kuandika hapana, mwingine ndiyo, na wote mnagombania kalamu yangu.

Mbuzi wakifika, fanya upendavyo, kama ulivyozoea.

Binti wa nyumba yako, kwa mujibu wako,
Ndindi

Mwala
28 Mei 1984

Mwaitu,

Mama yako anakusalimu. Mimi nakusalimu pia, ukitaka.

Walikuja jana. Thuo, mjomba wake Njogu na wazee wengine, kwa pikapu, na mbuzi wamefungwa nyuma. Mbuzi wazuri, sikatai. Kwa ukame wa mwaka huu hata mbavu zao hazikuonekana. Thuo alikuwa amevaa tai. Ndugu zangu walikuwa wameshasikia, wakajaa uani wakinoa visu. Kaka yangu Munyoki aliniambia sikioni, "Pokea. Jambo limenyooka."

Njogu alizungumza vizuri, kwa adabu. Akasema walikosa kwa kutojua, wamekuja kurekebisha. Ndindi, mwaka mwingine wowote ningeinuka nimkumbatie. Lakini nilimtazama Thuo, naye hakuwa akitazama mbuzi. Alikuwa akitazama kalenda yetu ukutani.

Nikasema mbuzi hawa hawapokelewi. Munyoki akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Mwenye ndoa hayupo. Nani kati yenu amemwuliza?" Mama yako akasema kutoka jikoni, na sauti ikatufikia wote, "Na wewe je, mwalimu?"

Thuo akasimama. "Mzee, kama hujaniozesha, basi na hawa ni wako." Akafungua mlango wa mbele wa pikapu, akawashusha Njoki na Chege na begi lao. Sikujua walikuwa humo. Mbuzi wakabaki garini, watoto wakashuka. Chege alimwuliza atarudi lini. Thuo alitazama pembeni akifuta uso kwa ile tai, akawasha gari. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka hapo. Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa.

Munyoki hanisalimu. Wengine wanasema nimeuza heshima ya ukoo kwa ajili ya shule. Waache waseme.

Watoto wamekula, wamelala. Nitawapeleka shule hapa. Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri ikufikie kesho; katie sahihi yako. Hakukuwa na muda wa kukuuliza kwa barua. Kwa hilo unaweza kunikasirikia.

Baba yako

Kirimani
9 Septemba 1984

Baba,

Hamjambo nyote? Goti la mama? Huku ni baridi lakini nimezoea. Tuko wanane. Wiki iliyopita nilimlaza mgonjwa wangu wa kwanza, mwalimu akinisimamia nyuma, na aliamka akiulizia chai.

Bado nakukasirikia, nawe ulisema naweza. Ukinieleza jambo nakuelewa upesi kuliko mtu yeyote. Ndiyo sababu inaniuma unapoeleza kila mtu ila mimi.

Thuo ameniandikia. Anasema huja Mwala Jumapili na mkate, na wewe hutoka ukaenda shambani. Usitoke. Ni baba yao. Ameuliza alete mbuzi lini. Nimemjibu kwamba swali hilo lisipelekwe Mwala tena. Aniulize mimi, nikimaliza masomo, na nitafikiri.

Chege ameniandikia pia, kwa herufi kubwa kama za vibao. Anasema Mzee Munyoki amemwuliza mbele ya watu, mama yako ni mke wa nani siku hizi, naye ananiuliza ajibu nini. Mwambie, na umweleze vizuri kama unavyojua kueleza: mama yake ni mwanafunzi.

Mwanao,
Ndindi