Jina Langu, Kovu Lako

"Watu wa mji huu ni wadanganyifu. Ukimpa baba mmoja kadi ya bima, ataingiza mtaa mzima."

Yaya Odette, dada yangu mkubwa, maneno hayo yalisemwa juzi na mtaalamu mmoja katika hoteli kule Karavia, kwenye kikao cha kurekebisha bima ya afya ya umma. Wajumbe wa kamati wakayaandika. Mimi, ambaye siachi mtu amalize sentensi mbovu mbele yangu, nilinyamaza. Ungenicheka. Nilinyamaza kwa sababu nitakayokwambia, si kwa kukubali.

Mtaalamu amekosea. Uongo hauanzi kwa mama anayetoa kadi, unaanza kwenye fomu. Fomu ya kampuni ya migodi alikofanya kazi Baba ilitambua mke na watoto aliowazaa, basi. Wewe ulikuwa mtoto wa mama mukubwa, uliletwa kutoka Kambove baada ya kumzika, ukalala kitanda kimoja nami. Nyumbani hakuna aliyejua kukutenga. Fomu ilijua.

Uliposhikwa na tumbo, Mama alikwambia njiani kwenda hospitali ya kampuni: "Leo uko Béatrice, mpaka turudi nyumbani." Wakakutoa kidole tumbo kwa jina langu. Unakumbuka muuguzi alivyopita wodini akiita Béatrice, wewe kimya, na mimi niliyekuletea uji nikaitika "Niko"? Mama alinifinya, mpaka leo nasikia. Wewe ulicheka, ukashika mshono ukilia, ukacheka tena.

Miaka minne baadaye tumbo likanishika mimi. Daktari akafungua faili: huyu alishatolewa. Akaandika dawa ya minyoo. Mama alisimama na siri yake, akijua kwamba akisema, nyumba nzima inaweza kupoteza kadi. Ni wewe uliyeimaliza siri hiyo. Msichana mwenye haya kuliko sisi wote, ulipandisha blauzi mbele ya daktari ukaonyesha kovu.

"Dokta, jina iko yake. Tumbo ilikuwa yangu."

Nikapasuliwa saa ileile. Kadi tukaachiwa, lakini sura yako ikajulikana getini.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mishahara ikakoma, watu wakauza mabati ya nyumba zao, madaktari wakaondoka mmoja mmoja. Dawa chache zilizobaki zikawa za wenye majina kwenye fomu tu. Homa yako ilikuja wakati huo. Mama alijaribu tena, na mlinzi akamjibu kwa upole, tena huo upole ndio unaouma: "Mama, huyu tunamujua."

Ulituacha siku ya tatu. Kovu ulilonifungulia nalo mlango, Yaya, ndilo... Siwezi kumaliza hapo. Miezi michache baadaye Baba akaachishwa kazi pamoja na wenzake, na kadi yenyewe ikafa. Sote tukawa kama wewe, watu wasio na jina kwenye fomu.

Mengi yamebadilika. Tulihamia Kenya, si nchi bali mtaa ule wa mji wetu huuhuu, na bado niko huku, kati ya mafundi wa kuchomelea vyuma na kwaya zisizochoka. Niliolewa na mtu wa Kivu ya Kaskazini, analeta maharage kwa malori. Ninaandika magazetini na kugombana redioni. Binti yangu anaitwa Odette, na anacheka vibaya kama wewe. Vita vya mashariki vilipomfukuza dada ya mume wangu, alitutumia mtoto wake Sifa. Sifa ana ugonjwa wa damu, ule wa seli mundu tunaouita SS.

Fomu ya bima ya umma, Yaya, ina mstari uleule: watoto wa kuzaa. Mwezi uliopita Sifa alipolia mifupa, nilimbeba, na getini nikausikia mdomo wangu ukisema, "Leo uko Odette." Sasa faili ya binti yangu inasema ana SS, na kwamba amewekewa damu ambayo hajawahi kuwekewa. Ndiyo maana nilinyamaza Karavia.

Mtaalamu anahofia hasara. Na aihofie hii pia: hospitali iliyojaa faili zenye tumbo la mtu mwingine. Dawa yake si askari getini. Nyumba iandikwe kwa chungu: kila anayekula na kulala humo aingie, hata kama hakuzaliwa humo. Wanauliza nani atathibitisha. Mkuu wa avenue, barabara tunayoishi, anajua kuku wa nani hutaga wapi. Yeye na majirani wawili watie sahihi, na kila mtu apewe kadi yake, picha yake, jina lake. Nyumba yenye watu wengi ichangie zaidi kidogo, hatutakataa. Na kazi ikifa, kadi isizikwe nayo. Hilo tulishalionja.

Kesho asubuhi nawapeleka watoto wote wawili kwa daktari, niseme kama ulivyosema wewe. Wakitaka kadi, waichukue. Kisha nitaisoma barua hii mbele ya kamati, yote, pamoja na aibu yangu. Nakuahidi jina lako litatoka safi kwenye faili ile. Lala, Yaya. Bado nadaiwa sukari ya ule uji wako wa wodini.

Na ninyi wajumbe wa kamati mnaonisikiliza sasa: kabla hamjapiga kura, chukueni kalamu, mfute mstari wa watoto wa kuzaa. Mtoto aliyesimama hapa pembeni yangu anaitwa Sifa. Mwandikeni.