Kengele ya Mwisho wa Mstari

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na mume wako hajambo? Mimi
mzima, ila mgongo
na macho ndiyo yananisumbua. Simu yangu
imekufa, kwa hiyo
niandikie barua pepe hapa kazini.

Mashine yangu ya chapa wameifungia stoo.
Meneja mpya
kasema asiye na cheti cha uhazili
mwisho wa Juni
anaondoka, hata mimi niliye hapa miaka ishirini na
sita. Basi
nasoma jioni. Wanafunzi wenzangu wananiita
Bibi; nimewaambia
ng'ombe hazeeki maini. Kwa kasi ya kuchapa
hawanipati.

Lakini mtihani wa kupanga barua nimepata
sifuri. Kwenye
kompyuta yangu mistari imenyooka. Mwalimu
akiifungua kwake
na kubadili ukubwa wa karatasi, inavurugika.
Wewe unafundisha
kompyuta watoto wa watu. Nakosea wapi?

Mamako

Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Salamu tena. Kimya chako kinanitisha, natumaini
ni kazi
tu. Marudio ni tarehe 28 Mei, ndiyo nafasi ya
mwisho. Siku
hiyo nimeomba ruhusa kazini, nitakuwa chuoni
tangu asubuhi.

Nafanya mazoezi mpaka vidole vinakufa ganzi,
na bado
mwalimu anatikisa kichwa tu. Nikikosa kazi, na
hiki chumba
cha kampuni nakiacha. Nitaanzia wapi na miaka
hamsini na
mitatu? Naogopa, mwanangu. Nijibu hata neno
moja.

Mamako

Tarehe 27 Mei, saa kumi na moja jioni

Shikamoo mama,

Sina uso wa kukuomba radhi. Barua zako zote mbili zilifika. Nilizifungulia kwenye simu, nikaona mistari imekatikakatika, nikadhani simu yangu ndiyo mbovu. Nikaziweka nizisome nikitulia, na kutulia kwenyewe sikutulia.

Leo nimezifungua kwenye kompyuta ya darasani. Zimekatika vilevile. Mama, kila ukifika ukingoni unabonyeza kitufe cha kushusha mstari, sivyo? Mashine ya zamani ilikuwa inalia kengele, nawe unarudisha roli kwa mkono. Kompyuta inashuka yenyewe. Usibonyeze mpaka aya iishe. Kosa lako ni hilo tu, mama, hakuna lingine.

Nimepiga simu ya ofisini kwenu, haipokelewi. Naomba uwe hujatoka.

Mwanao

Tarehe 29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma leo asubuhi. Juzi nilitoka saa kumi, na mtihani ulikuwa jana.

Kengele niliisikia. Haipo, lakini niliisikia kila mstari, na kila ilipolia nikabonyeza. Nilimaliza wa kwanza, nikakunja mikono nikiwatazama wale watoto wanaoniita Bibi. Mwalimu alipofungua kazi yangu, mistari ilivurugika. Alinipa kiti.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siwezi kusema sikulaumu. Nakulaumu, na nakupenda, na usiku wa jana sikujua kipi kimezidi.

Barua hii nimeichapa kama ulivyonielekeza. Itazame ilivyonyooka, hata kwenye simu yako. Kila ukingoni kidole kinakimbilia kitufe, nami nakirudisha.

Chumba nakirudisha mwezi ujao. Nitakuja kwako na begi moja, kama pana nafasi. Na siku nyingine ukiona maneno yangu yanakatika, usingoje utulie. Niulize.

Mamako